Glavu za upasuaji zilitengenezwa kuokoa ngozi ya nesi, si kumkinga mgonjwa. Mnasemaje?

#1 Karatasi Kongwe

Wakuu, salaam. Naweka hoja mezani, naomba tuijadili.

Ukiingia chumba cha upasuaji leo, mkono mtupu haukaribii meza. Wengi tunadhani glavu zilibuniwa na daktari aliyekaa akafikiria vijidudu na kidonda cha mgonjwa. Haikuwa hivyo.

Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa Baltimore, Marekani, mwezi Mei 1889. Bingwa wa upasuaji pale alikuwa William Halsted, na nesi aliyesimamia chumba chake cha upasuaji aliitwa Caroline Hampton. Enzi hizo kabla ya kazi ni lazima mikono izamishwe kwenye maji ya zebaki kloridi, sumu kali inayoua vijidudu. Sumu haichagui, ikamla na Caroline: ngozi ya mikono ikababuka, viganja hadi juu. Majira ya baridi ya 1889 kuingia 1890, Halsted akiwa New York aliwaomba kampuni ya mpira ya Goodyear watengeneze kwa majaribio jozi mbili za glavu nyembamba zenye mikono mirefu. Zikamfaa yule nesi, wakaagiza nyingine. Juni 1890 Halsted na Caroline wakaoana.

Sasa kinachoninyima usingizi ni hiki. Mpasuaji mwenyewe aliendelea kuingiza mikono mitupu ndani ya matumbo ya watu. Mwanzoni alivaa mara mojamoja tu, kama alipofungua kiungo. Mpaka 1896 ndipo msaidizi wake, Joseph Bloodgood, alipoanza kuvaa kila upasuaji, na mwaka 1899 akatoa hesabu za upasuaji wa ngiri zilizoonyesha vidonda vinavyotunga usaha vimepungua sana.

Miaka sita glavu zimo mle ndani ya chumba. Aliyepitisha vyombo anazo, aliyeshika utumbo hana. Ilikuwaje wasione?

#2 Msomaji Kimya

Nimeweka kambi. Ngoja wajuzi waje.

#3 Fundi Saa

Mkuu, nadhani umemruka baba wa usafi wote, yule mpasuaji Mwingereza, Joseph Lister. Huyo ndiye alianza na glavu, hao Wamarekani walinakili tu. Halafu kabla yake madaktari walikuwa wachinjaji. Kuna mmoja London, Robert Liston, alikata mguu kwa haraka hadi akakata na vidole vya msaidizi wake. Mgonjwa akafa, msaidizi akafa, na mtazamaji aliyekatwa koti akafa kwa mshtuko. Upasuaji mmoja, vifo vitatu.

#4 Daktari wa Zamu

Fundi Saa, karibu, ila hapo pana mawili ya kunyoosha.

Kwanza Lister. Tarehe 12 Agosti 1865 kule Glasgow alimtibu mtoto wa miaka 11 aliyekanyagwa na gurudumu la mkokoteni, mfupa wa mguu umetokeza nje ya ngozi. Jeraha la namna hiyo kwa kawaida lilimaanisha kukatwa mguu. Yeye alilifunga kwa kitambaa kilicholowa asidi ya kaboliki, mguu ukapona. Kinga yake ilikuwa kaboliki: kwenye kidonda, kwenye vyombo, mikononi, baadaye hata hewani kwa bomba la kupulizia. Glavu za mpira hazikuwemo.

Pili, ile hadithi ya vifo vitatu ni tamu, imerudiwa kila mahali, lakini hakuna kumbukumbu ya wakati ule inayoithibitisha. Liston alikuwa mwepesi wa mkono kweli, na wepesi huo ulikuwa huruma, maana mgonjwa alikuwa macho.

Ila umenifungulia swali, nakushukuru kwa hilo. Kaboliki nayo ilikuwa ikila mikono. Wasaidizi wa Lister ngozi ilikuwa inakuwa nyeupe, inakufa ganzi, inapasuka. Miaka zaidi ya 20 mikono ya watu inapasuka Uingereza na Ujerumani, na sijasikia aliyekwenda kwa watu wa mpira. Kwa hiyo, Karatasi Kongwe, ngozi ya nesi peke yake haitoshi kueleza. Manesi wenye ngozi iliyobabuka walikuwepo tele kabla ya Caroline.

#5 Binti Lulu

Jibu si liko wazi jamani? Hao wengine hawakuwa wakipendwa na bosi. Bwana alipenda, akaona mikono ya mpenzi wake inateketea, akaenda dukani. Sioni kwa nini tutafute maneno marefu.

#6 Mama Wodi Tatu

Nimesoma yote kwa miwani, wanangu. Nilikuwa nesi wa chumba cha upasuaji miaka 31, sasa nimestaafu. Historia ya Baltimore siijui kuwazidi, lakini glavu nazijua.

Ninyi mnazijua za kuvaa na kutupa. Sisi tulizifua. Upasuaji ukiisha unaziosha ukiwa umezivaa bado, kwa maji ya baridi kwanza, maana maji ya moto yanagandisha damu. Kisha sabuni. Unazivua, unazigeuza ndani nje, unaosha tena. Halafu unaijaza kila moja hewa, unabana mdomo wake, unaipeleka karibu na shavu na kuikamua kidole kimoja kimoja. Tundu dogo kama ncha ya sindano utalisikia shavuni kabla hujaliona kwa jicho. Wengine waliizamisha kwenye beseni kutazama mapovu. Mimi niliamini shavu.

Zenye tundu zinatengwa. Nzima zinaanikwa kwenye kamba, mbali na jua maana jua linaua mpira. Zikikauka upande mmoja, unageuza. Halafu poda. Halafu kuzipatanisha: saba na nusu kwa saba na nusu, kushoto kwa kulia. Unakunja pindo la kifundoni ili avaaye ashike upande wa ndani tu. Ndani ya kiganja unatia kipande cha gozi, kile kitambaa chembamba cha kufungia vidonda, mvuke upate njia, mpira usigandane. Unafunga kwenye kitambaa, zinaingia kwenye dramu, zinapikwa.

Zamu ya usiku isiyo na dharura ilikuwa zamu ya glavu. Tulikaa watatu, wanne, tunapiga poda na kusimuliana.

Kwa hiyo mwanangu uliyeuliza ilikuwaje mpasuaji asivae: mimi najiuliza nani alizifua hizo za Baltimore. Glavu moja ya daktari ni nusu saa ya nesi.

#7 Msomaji Kimya

Shikamoo mama. Hiyo ya shavuni sijawahi kuisoma popote.

#8 Mama Wodi Tatu

Marahaba mwanangu.

#9 Dira ya Kale

Nashukuru kwa uzi. Naomba kutofautiana na post #1 kwenye neno "zilitengenezwa".

Mwaka 1758 tabibu Mjerumani, Johann Walbaum, alieleza glavu iliyotengenezwa kwa utumbo wa kondoo kwa ajili ya kuwakagua wanawake wanaojifungua. Mwaka 1843 Thomas Watson wa London aliwaambia wanafunzi wake kwamba ingefaa ibuniwe glavu isiyopitisha maji, nyembamba kiasi cha kutozuia hisia za vidole, kwa ajili ya homa ya uzazi, ile inayowaua wanawake baada ya kujifungua. Hiyo ni miaka 46 kabla ya Caroline, na kwa Watson mgonjwa alikuwemo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Na Ulaya hawakungoja barua kutoka Baltimore. Mwaka 1897 Werner Zoege von Manteuffel wa Dorpat (leo Tartu, Estonia) alikuwa akitumia glavu za mpira zilizochemshwa. Mwaka huohuo Johann von Mikulicz wa Breslau (leo Wrocław, Poland) alivaa glavu za uzi zilizopikwa kwa mvuke, zikilowa damu anabadilisha katikati ya upasuaji. Akavaa na barakoa ya gozi mdomoni, kwa sababu mwenzake Carl Flügge alikuwa ameonyesha kwamba mtu akiongea hurusha matone yenye vijidudu. Paul Berger wa Paris naye akavaa barakoa mwaka huo.

Mtu wa Dorpat, mtu wa Breslau, mtu wa Paris, wote mwaka mmoja. Kitu kikiiva huanguka kwenye miti yote. Mapenzi ya Baltimore ni simulizi nzuri iliyobandikwa juu ya jambo ambalo lingekuja tu.

#10 Karatasi Kongwe

Dira, nakubali nilisema kwa mkato. Lakini tofautisha mtu aliyesema "ingefaa ibuniwe" na mtu aliyeagiza jozi mbili. Watson alisema 1843, na mpira uliopikwa ukastahimili joto na baridi Charles Goodyear alikwisha uvumbua 1839. Vitu viwili vilikuwepo wakati mmoja, lakini vilichelewa kukutana. Kilichovikutanisha ni mikono ya mtu fulani iliyokuwa inauma.

Naongeza kitu dhidi yangu mwenyewe, maana haki ni haki. Mwaka 1913 Halsted aliandika kumbukumbu yake ya jambo hili, na alisema kuvaa glavu wakati wa kupasua kulikua kidogokidogo, hakukuja kama wazo la ghafla. Alishangaa yeye mwenyewe namna walivyokuwa vipofu miaka yote ile.

#11 Mchanganya Dawa

Mimi nipo upande wa dawa. Mnaongea kana kwamba walikuwa wanapaka maji tu. Hebu mtazame mtu akijiandaa kwenye chumba kama kile cha Halsted.

Anasugua kwa sabuni na brashi. Anazamisha mikono kwenye pamanganeti ya potasi hadi inakuwa rangi ya mti wa mninga uliopigwa vanishi, kahawia iliyoiva. Kisha anaingia kwenye asidi oksaliki, rangi inatoka. Kisha zebaki kloridi, sehemu moja kwa elfu. Hiyo ni kwa upasuaji mmoja. Mchana unarudia.

Ngozi iliyopasuka ni nyumba ya vijidudu. Kadiri unavyoisugua kwa sumu ndivyo inavyopasuka, na kadiri inavyopasuka ndivyo inavyobeba zaidi. Dawa ilikuwa inajishinda yenyewe. Jibu langu kwa swali la #1 ni hili: hawakuwa vipofu, walikuwa na imani kwamba mkono ulioteswa hivyo ni msafi kabisa. Ukiamini mkono wako umekwisha kuwa msafi, glavu ya nini? Ilibidi watu waoteshe vijidudu kutoka kwenye mikono iliyokwisha nawishwa ndipo imani ile ivunjike. Hiyo kazi ni ya wafuasi wa Robert Koch, mtafiti Mjerumani wa vijidudu, na ilichukua muda.

#12 Mbishi Mpole

Kwa hoja ya Mchanganya Dawa, pana jambo linanisumbua. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni huko Kahura, Bunyoro, ndani ya Uganda ya leo. Aliandika kwamba mpasuaji alinawa mikono na kuosha tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, kisha maji. Mama alinyweshwa pombe hiyohiyo apunguze maumivu. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Tumbo likafungwa kwa pini saba nyembamba za chuma zilizosuguliwa vizuri, na uzi wa gome. Mama na mtoto walipona.

Pombe! Hiyohiyo ambayo leo hospitali nyingi zinarudi kuitumia kunawa kwa sababu haiharibu ngozi kama zebaki na kaboliki. Ukiwa na kinawio kisichobabua mikono, hadithi ya Caroline haitokei.

#13 Daktari wa Zamu

Mbishi, nilitamani uwe sahihi moja kwa moja. Mawili tu. Pombe ya kuchachusha ina nguvu ndogo sana kuliko hii ya kunawia, ambayo huwa asilimia 60 na kuendelea. Na tunategemea macho ya mtu mmoja aliyepita. Lakini alichokiona si kitu cha siku moja: pini zimesuguliwa tayari, wasaidizi wanajua nafasi zao, dawa ya mizizi ya kupaka juu imeandaliwa. Mkono ule ulikuwa umefanya hivyo kabla.

Na kuhusu kurudi kwenye pombe umesema kweli. Geneva, kazi iliyoongozwa na Didier Pittet na kuchapishwa mwaka 2000: walipoweka dawa ya alkoholi karibu na vitanda, kunawa mikono kulipanda kutoka asilimia 48 mwaka 1994 hadi 66 mwaka 1997, na maambukizi ya hospitali yakashuka. Angalia vizuri, 66. Hiyo ni hospitali iliyojitahidi.

#14 Kisu Kidogo

Habarini. Mimi ni mpasuaji, nimeletwa hapa na rafiki.

Hakuna aliyetaja hisia za vidole isipokuwa kwa kupita, na kwangu ndilo jibu. Glavu za mwanzo zilikuwa nene. Jaribu kufunga fundo la uzi mwembamba ndani ya shimo lenye damu, huoni, unafuata ncha ya kidole tu. Mara yangu ya kwanza kuvaa jozi juu ya jozi, kwa mgonjwa tuliyejua damu yake ina hatari, nilipoteza mshipa niliokuwa nimeushika sekunde moja kabla. Nilijua upo, kidole hakikuuona. Niliushika tena, lakini jasho lilinitoka. Mpasuaji wa 1890 aliyefundishwa kwa vidole vitupu miaka kumi aliombwa kufanya kazi akiwa kama amevaa soksi mikononi. Nisingevaa mimi pia.

Halafu kuna la pili, naona limesahauliwa. Glavu ni mtoto wa nusukaputi. Kabla ya tarehe 16 Oktoba 1846, siku William Morton alipomlaza mgonjwa kwa etha hadharani kule Boston, mpasuaji alikuwa anashindana na kelele. Liston aliyetajwa na Fundi Saa alitumia etha London tarehe 21 Desemba mwaka huohuo, miezi miwili tu baadaye. Mgonjwa alipolala, muda ukapatikana. Na aliyeutumia muda ule kuliko wote ni Halsted: alipasua polepole, akafunga kila mshipa, akashika nyama kwa upole. Mtu asiye na haraka ndiye anayeweza kuvumilia glavu. Kwa hiyo si ajabu zilianzia kwake.

#15 Fundi Saa

Mkuu Kisu Kidogo, umeniheshimisha. Kumbe Liston wangu ana kazi kwenye uzi huu.

Ila nauliza: kama tatizo ni hisia, huyo Bloodgood alivaaje? Vidole vyake vilikuwa tofauti?

#16 Karatasi Kongwe

Swali zuri Fundi Saa. Nadhani jibu ni kwamba Bloodgood alianza kuzivaa akiwa msaidizi. Alijifunza kazi akiwa nazo. Mzoefu alizipima kwa alichopoteza, yeye hakuwa na cha kupoteza. Wale waliovaa kwa miaka sita wakipitisha vyombo na kushikilia kingo za jeraha ndio waliokuja kuwa wapasuaji.

Kwa maana hiyo glavu zilipanda kutoka chini kwenda juu: nesi, msaidizi, mwishoni bingwa.

#17 Binti Lulu

Kwa hiyo nesi ndiye alianza. Asanteni kwa kunirudisha nilikokuwa.

Nimekwenda kusoma habari za Caroline, nikahuzunika. Alipoolewa aliacha kazi. Glavu alizivaa miezi michache. Walikufa mwaka mmoja, 1922, mume Septemba na mke Novemba. Na kwenye ile kumbukumbu ya 1913 mume alimwandika "nesi aliyesimamia chumba changu cha upasuaji", mwanamke hodari kuliko kawaida. Jina hakuliweka. Mke wake wa miaka 23!

#18 Dira ya Kale

Yawezekana ilikuwa staha ya wakati ule kutomtaja mke kwenye jarida la kitabibu. Tusimhukumu haraka.

#19 Binti Lulu

Goodyear aliitaja.

#20 Mbishi Mpole

Hapo Dira umefungwa goli.

Nirudi kwenye swali. Kuna aliyeniambia inbox kwamba aliyeanzisha glavu ni Semmelweis wa Vienna. Mnalithibitisha?

#21 Daktari wa Zamu

Hapana. Ignaz Semmelweis alinawisha mikono, hakuvalisha glavu. Lakini nafurahi ametajwa.

Hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za kuzalia. Ya kwanza madaktari na wanafunzi wa udaktari, ya pili wakunga. Mwaka 1846 wodi ya kwanza ilipoteza kwa homa ya uzazi zaidi ya wazazi 11 katika kila 100, ya pili chini ya 3. Wanawake wenyewe walilijua hilo, walikuwa wakiomba kwa machozi wasipangiwe siku ya wodi ya kwanza. Semmelweis alijaribu kila sababu. Aliwalaza wanawake ubavu kama wodi ya wakunga, badala ya chali. Alimwomba padri anayepita na kengele kwenda kwa mahututi abadilishe njia, labda kengele inawaua kwa hofu. Vifo vikabaki palepale.

Machi 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka akachomwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana na wa wale wazazi. Ndipo akaelewa: wanafunzi walikuwa wanatoka kwenye maiti moja kwa moja hadi kwa mzazi. Wakunga hawakupasua maiti. Kuanzia Mei akaweka beseni la chokaa yenye klorini. Aprili vifo vilikuwa zaidi ya 18 kwa 100, Juni vikawa 2 na kitu.

Na hawakumkubali. Alikufa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili tarehe 13 Agosti 1865. Rudini post #4 mwone Lister alimtibu yule mtoto tarehe ngapi.

#22 Msomaji Kimya

Siku moja kabla. Aisee.

#23 Mchanganya Dawa

Daktari, mimi huwa najiuliza ingekuwaje mtu kukubali. Gustav Michaelis, daktari wa uzazi wa Kiel, ni miongoni mwa wachache waliokubali mapema. Lakini alikuwa amemhudumia jamaa yake akijifungua, naye akafa kwa homa ileile. Kukubali hesabu za Vienna ilikuwa kukubali kwamba mikono yake ndiyo iliyompelekea. Mwaka 1848 alijiua.

Mpe mtu glavu kwa sababu ngozi yake inauma, atavaa hata leo. Mwambie avae kwa sababu amekuwa akiua watu miaka kumi, atakutafutia sababu nyingine elfu. Caroline hakumlaumu mtu. Pengine ndiyo maana glavu zake zilipita mlangoni, na beseni la Semmelweis likapigwa teke.

#24 Kisu Kidogo

Nimesoma #23 mara mbili. Nabaki na hoja yangu ya vidole, lakini hii nayo siiwezi kuikataa.

#25 Mwanga Mweusi

Mimi ni mtu wa eksirei, naingilia kidogo. Hoja ya kwamba kinga huanza mtumishi anapoumia inaniwia ngumu, maana kwetu tuliumia na kinga haikuja.

Miale iligunduliwa 1895. Waliotengeneza mitambo walijaribu nguvu yake kwa kuweka mkono wao wenyewe mbele, kila asubuhi, wakitazama mifupa yao. Clarence Dally, fundi wa Thomas Edison, aliungua mikono, vidonda visivyopona, akakatwa mkono mmoja, kisha wa pili, akafa 1904. Edison aliachana na kazi hiyo kwa woga. Lakini kwingine kote watu waliendelea miaka mingi kuweka mkono mbele ya miale bila kinga ya kutosha.

Kwa hiyo mtumishi kuumia hakutoshi. Anatakiwa awepo mwenye amri anayeona uchungu huo, na awe na pa kwenda kuagiza.

#26 Mama Wodi Tatu

Mwanangu wa eksirei umenikumbusha mbali. Nilimjua mmoja wenu wa zamani, kucha zake zilikuwa na mifereji kama gome la mti.

Nami niseme la kwangu kuhusu kuumia. Nilipoanza kazi, wodini glavu zilikuwa za daktari. Sisi tulisafisha vidonda na kupokea watoto kwa mikono mitupu, ukijikata unajipaka spiriti unaendelea. Halafu miaka ya 80 ukaja Ukimwi. Ghafla kila mmoja anataka glavu, na zenye tundu zile nilizotenga zikarudishwa kwenye meza. Nilikataa, tukagombana na mkuu wangu wa zamu. Nilimwambia nilisikia hewa shavuni, siwezi kumvika mwenzangu kitu nilichokisikia kikivuja.

#27 Dira ya Kale

Mama, heshima yako.

Kwa faida ya wengine: mwaka 1987 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba damu ya kila mgonjwa ichukuliwe kama ina virusi, bila kuangalia sura. Hapo glavu zikatoka chumba cha upasuaji zikaenea kila wodi. Na tazameni, kwa mara nyingine lengo la kwanza likawa mtumishi. Nikikumbuka nilichoandika #9, hapa Karatasi Kongwe ana pointi.

#28 Binti Lulu

Na wale ambao glavu zenyewe ndizo zinawababua? Dada yangu ni nesi, alianza na vipele vidoleni, ikaja mafua kila akiingia zamu, siku moja koo likaanza kufunga. Walihangaika mwaka mzima kabla mtu hajagundua ni mpira. Leo anavaa zile za naitrili tu, mpira wa kutengenezwa kiwandani.

#29 Mchanganya Dawa

Pole kwake. Aleji ya utomvu wa mpira iliongezeka sana glavu zilipoenea baada ya 1987, na poda ndiyo iliyokuwa inabeba protini ya mpira hadi hewani na kwenye mapafu. Poda nayo ina historia yake. Walianza na laikopodiamu, unga laini utokao kwenye mmea, ikafuata talki, ikaonekana talki ikidondokea tumboni inaleta makovu yanayogandisha utumbo. Ikaja poda ya wanga, ikawa afadhali lakini si salama. Marekani ilipiga marufuku glavu zenye poda kuanzia Januari 2017.

Hivyo kuanzia mikono ya Caroline hadi mikono ya dada yako, ngozi ya nesi ndiyo imekuwa ikitoa taarifa.

#30 Kisu Kidogo

Nitasema jambo moja ambalo watu wa wodini watalipenda. Glavu imeleta uvivu. Nimeona mtu, kituo nisichotaka kukitaja, amevaa jozi moja asubuhi, anagusa mgonjwa wa kwanza, faili, simu, mgonjwa wa pili. Ukimuuliza anakuonyesha mikono: nimevaa. Anajikinga yeye. Wale waliopinga glavu enzi za Halsted walisema jasho linalojikusanya ndani ni supu ya vijidudu, glavu ikitoboka inamwagikia kwenye kidonda, na aliyevaa atanawa kwa uzembe. Hapo hawakukosea.

#31 Karatasi Kongwe

Naona hatujafika, na uzi umekuwa mtamu kuliko nilivyotarajia. Kuna mapenzi, kuna imani ya dawa, kuna vidole, kuna nusukaputi, kuna aibu ya kukiri, kuna kitu kuiva. Mimi bado nipo na ngozi ya nesi, ila sasa naongeza sharti la Mwanga Mweusi.

Mama Wodi Tatu, kama hujachoka: zile zilizotoboka ulizitenga, zilikwenda wapi? Zilitupwa?

#32 Mama Wodi Tatu

Hatukutupa kitu mwanangu. Pindo la kifundoni tulilikata pete nyembamba, ikawa rababendi ya kufungia mkono tukitafuta mshipa wa kutoa damu. Tundu likiwa kiganjani, vidole vizima tulivikata kimoja kimoja, tukavikata ncha, tukavipika upya. Daktari akimaliza kufungua jipu anaomba kidole. Anakipachika kwenye jeraha, nusu ndani nusu nje, usaha unapita humo siku mbili tatu bila mdomo wa kidonda kufunga mapema. Kidole cha shahada ndicho kilichokuwa saizi nzuri, nilikuwa naviweka kwenye kopo lake peke yake.

#33 Fundi Saa

Mama, na kidole gumba?

#34 Mama Wodi Tatu

Kifupi mno. Hicho tulimvisha mgonjwa mwenye kidonda cha kidole, apate kuoga.